Penzi Lililotangazwa Kamatini

Simu ilipolia, Profesa Pascaline alikuwa amevaa glavu, koleo ndogo mkononi, akikibandua kipande cha bandeji yake kutoka kwenye sahani ya kioo. Aliiacha ilie. Bandeji ile ilikuwa nyembamba kama ule utando wa ndani ya ganda la yai, na ukiiharakisha inajikunja yote, kazi ya wiki nzima inaishia kwenye pipa la taka. Simu ikanyamaza, ikalia tena. Akavua glavu kwa hasira.

"Profesa, umekaa?" Ilikuwa sauti ya Dokta Lillian, mwenyekiti wa kamati ya maadili pale chuoni, ile kamati inayoruhusu au kuzuia utafiti wowote unaogusa mwili wa mtu.

"Nimesimama. Sema tu."

"Basi kaa."

Pascaline hakukaa, lakini alijua jambo si dogo. Dokta Lillian alikuwa binti wa sajini, amezaliwa na kukulia kambi ya jeshi hapo hapo Mbarara. Siku zote alizungumza Kiingereza cha ofisini, lakini jambo likiwa zito alirudia Kiswahili cha jeshi alichokinyonya na maziwa ya mama. Leo alikuwa ameanza nacho.

"Ile mtu yako ya kupima vidonda, Kapteni Conrad. Leo kwa mkutano mimi nauliza kama kuna mtu iko na mgongano ya maslahi na hii kazi. Hiyo swali nauliza kila mwezi na hakuna mtu anajibu. Sasa yeye anasimama kama mtu iko kwa paredi. Anasema, 'Madam, mimi natoka kwa hii utafiti. Mimi napenda Profesa.'"

"Anapenda profesa gani?"

"Banange! Iko profesa ngapi kwa hii kazi?"

Pascaline akakaa.

"Sikiliza," Lillian aliendelea, na sasa alikuwa hacheki. "Nimemuuliza tangu lini. Anasema tangu Pasaka. Sawa, vipimo alichukua tangu Pasaka tunatoa, mtu ingine anapima upya kwa picha. Hiyo ni kitu kidogo. Lakini na wewe lazima nikuulize. Hii mapenzi iko upande moja ama pande mbili? Kama ni pande mbili, tunarudi nyuma mpaka siku ile moyo yako ilianza, na kila kipimo ya Conrad kutoka hiyo siku tunatupa. Jumatatu nataka jibu."

"Na hotuba ya matokeo ninayotakiwa kuitoa Kigali?"

"Kama tunatupa vyote, kupima upya inakula mwezi mingi. Kigali utaenda kutalii."

Simu ikakatika. Pascaline alibaki akiitazama ile bandeji, ambayo kwa dakika hizo chache ilikuwa imekauka na kujikunja kweli.

Lazima niseme bandeji ile ilikuwa nini kwake, maana bila hilo mtu anaweza kumwona mwanamke huyu kama mwenye kiburi tu. Pascaline aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa mtoto, ameshika kitenge cha mama yake, wakitoka Kivu ya Kusini, Kongo. Miezi ya mwanzo mama yake, Georgette, alimwagikiwa na uji wa moto mguuni. Kila mara bandeji ilipobadilishwa, ilitoka na ngozi mpya. Mtoto ndiye aliyekuwa akimshika mama mkono, na ndiye aliyeuliza kwa nini dawa inararua kile inachokiponya. Hakuna aliyemjibu, basi akaenda kulitafuta jibu mwenyewe. Alilitafuta katika shule ya kambini, akalitafuta kwa ufadhili Ubelgiji, alikosomea uhandisi wa viumbe mpaka akapewa shahada ya uzamivu na kuombwa abaki. Hakubaki. Alirudi Mbarara kwa sababu nyuzi alizozitaka, nyuzi ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona, zimo ndani ya mgomba, na migomba ya Isingiro, wilaya jirani, haina idadi. Alizichambua, akazisuka upya, akapata bandeji isiyoshika kidonda. Uprofesa ulimfuata hapo, tena ulimfuata ukikimbia.

Sasa bandeji ilikuwa imewafikia wagonjwa, na kwa kuwa mtu hawezi kuusahihisha mtihani wake mwenyewe, alihitajika mtu wa nje wa kupima vidonda. Jeshi likamwazima Kapteni Conrad, daktari wa kambi ya jeshi, mrefu, mpole, mwenyeji wa Kakiika, hapo hapo Mbarara. Pascaline alimpokea vizuri, akamkabidhi rula na kamera, na tangu hapo hakulala usingizi wa raha. Lakini hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Jioni ile Conrad alikuja mwenyewe maabara kurudisha rula na kamera. Alivua buti mlangoni kama kawaida yake. Pascaline alimsubiri katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Kapteni."

"Profesa."

"Ni batu ngapi bako mu ile kamati?" Hasira ikimpanda, Kiswahili chake cha chuo kilikuwa kinamtoka na kumwachia kile cha Nakivale.

"Wengi kidogo. Halafu mama wa chai."

"Mama wa chai! Kumbe ata mama wa chai anajua unanipenda, na miye siyuwi!"

"Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Lini?"

"Leo. Kwanza natoka kwa kazi, halafu nakuja kwako nikiwa mtu huru. Hiyo ndiyo mpango."

"Mupango ya nani?"

"Yangu," Conrad alisema, na kwa mara ya kwanza aliinamisha macho. "Naona sasa ilikuwa na shida kidogo."

Pascaline alitaka kucheka, akajizuia kwa kuuma mdomo. Hasira yake ilikuwa ya haki na hakutaka imponyoke mapema hivyo.

"Ungenyamaza," alisema, sasa taratibu. "Kazi ingeisha, ungekuja, ungesema. Nani angejua?"

"Mimi." Conrad aliiweka kamera mezani. "Profesa, tangu Pasaka kila kidonda napima, naomba Mungu ikuwe ndogo. Si kwa sababu ya mgonjwa. Kwa sababu yako. Naweka rula, mkono wangu unataka kusogea ukusaidie. Haujasogea. Lakini unataka. Mtu ya namna hiyo anapima nini?"

Pascaline alikuwa amesifiwa na watu wengi maishani, kwa akili yake, kwa tuzo zake, wengine kwa macho yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anampenda kiasi cha kutoiamini rula. Alifungua mdomo ajibu, na bila shaka angejibu, kama simu isingelia. Ni mama yake.

"Pascaline, uko fasi gani? Ule kijana wa boda, jina yake Patient, amefika hapa mu kiwanja, anasema soda mumoja alisimama mbele ya batu bakubwa, akasema anakupenda. Aliisikia ku shangazi yake, mwenye anapikia bale batu chai. Papa yako ametupa jembe."

"Mama..."

"Anasema ule soda akuye hapa siku ya Mungu, nyuma ya misa. Anataka kumuona na macho yake."

Kwa mzee Grégoire, baba yake, soda maana yake ni askari. Na tangu Pascaline avunje ungo, mzee yule alikuwa amesema neno moja tu kuhusu ndoa: awe Mkongo, awe Munyankole, awe mzungu, asiwe soda.

Pascaline alikata simu, akamtazama Conrad kwa huruma ya kweli.

"Jumapili tunaenda Nakivale," alisema. "Vaa shati. Usivae gwanda, Conrad, nakuomba. Gwanda hapana."

Conrad alikwenda mlangoni, akavaa buti zake za jeshi, akafunga kamba polepole. Na kwa jinsi alivyomjua, Pascaline angepaswa kuogopa papo hapo.

Jumapili alitangulia. Aliwakuta wazazi wametoka kanisani, maharagwe yameanikwa kwenye turubai katikati ya uwanja, mama anayachagua, baba amekaa kwenye kiti chake cha mbao na koti la misa bado mwilini. Hakumsalimu binti yake kwa jina. Alimsalimu kwa cheo, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Bonjour, Profesa."

"Bonjour, papa."

"Soda wako iko wapi?"

Sauti ya pikipiki ikajibu. Ilisimama kwenye kona ya ua, na aliyeshuka, Mungu wangu, alishuka na gwanda. Limepigwa pasi mpaka mstari wa suruali unaweza kukata nyama. Kofia ameikunja mkononi. Mama Georgette alisema "Yezu" kwa sauti ya chini na kuacha maharagwe.

Conrad alisimama nje ya turubai, akabisha hodi ingawa mlango haukuwepo.

"Hodi hapa."

Hakuna aliyeitikia. Akabisha tena, akangoja, bila kusogeza hata kidole cha mguu. Mara ya tatu mzee Grégoire alisema, "Sogea."

Alisogea. Kiti hakupewa. Alisimama mbele ya mzee, jua lote usoni.

"Unajua basoda balinifanyia nini kwetu?" mzee alianza.

"Hapana, Mzee."

"Baliingia mu nyumba yangu, hodi hawakupiga. Balibeba mbuzi. Balibeba nguo ya bibi yangu. Balibeba ata sufuria yenye ilikuwa ku moto, na maharagi ndani. Miye nikaapa, soda hataikala tena fasi yenye niko. Na weye unanikuyia na nguo yao."

"Papa, nilimwambia..." Pascaline alidakia.

"Nyamaza, Profesa. Niko nasema na soda."

Conrad aligusa ukosi wa gwanda. "Profesa alisema kweli nisivae, Mzee. Asubuhi nilishika shati, nikaweka chini. Ningekuja na shati, pengine leo ungenipenda. Halafu siku ingine unanikuta Mbarara na hii gwanda, unasema huyu kijana alinificha. Mimi ni daktari ya jeshi. Nikipendwa, nataka nipendwe hivyo. Nikifukuzwa, pia nifukuzwe hivyo."

Mama Georgette alikohoa. Pascaline alimjua mama yake, na alijua kile hakikuwa kikohozi; alikuwa amekubali.

"Na ile ya pili?" mzee aliuliza. Sauti haikuwa imelegea hata kidogo. "Kwetu mwanaume anatuma bakubwa bake. Banakuya, banapiga hodi, banaikala, njo jina ya binti inatajwa. Weye ulitaja jina ya mutoto yangu ku batu mbele ya kuniambia miye. Mbele ya kumwambia yeye mwenyewe! Soda, ulianza na mama wa chai!"

"Nilianza vibaya, Mzee. Hiyo nakubali, naomba msamaha kwako na kwa Mama." Conrad aliizungusha kofia mkononi. "Lakini acha nikueleze kwa nini. Profesa ametengeneza bandeji. Mimi ndiye nilikuwa napima kama inaponya. Halafu nikampenda. Ningebaki, siku moja watu wangesema, hii bandeji inaponya kwa sababu mpenzi yake alishika rula. Jina yake ingechafuka kwa ajili yangu. Nikaona bora nitoke haraka, kabla sijamwambia hata yeye, asije akaombwa kunificha. Hiyo kazi niliipenda sana. Nilitoka tu."

Mzee aliinama, akaokota punje moja ya haragwe iliyoruka nje ya turubai, akaipangusa kwa kidole gumba.

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna, Mzee."

"Bakubwa bako balijua?"

"Hakuna mtu alijua. Nilisema mwenyewe."

"Na nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

Mzee aliitupa ile punje kwenye turubai, akamgeukia mke wake. Kitu kilikuwa kimebadilika usoni mwake, na Pascaline, ambaye aliusoma uso ule tangu utotoni, alikiona kabla hakijatamkwa.

"Georgette, weye uliisha kuona soda anaacha kitu bila kufukuzwa?"

"Miye? Hata siku moja."

"Ata miye. Huyu njo wa kwanza." Akavuta pumzi. "Mupe kiti."

Mama Georgette hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliruka kama binti, yeye na mguu wake wenye kovu, akatoka ndani na kile kiti cha plastiki cha wageni, akakipangusa kwa kitenge alichokivaa. Conrad alikaa. Alikaa kama mtu anayeogopa kiti kitamkimbia.

"Hiyo si jibu," mzee alimwonya kwa kidole. "Ni kiti tu. Bakubwa bako bakuye, bapige hodi, tuanze vizuri kama batu. Unasikia?"

"Nasikia, Mzee. Mama yangu iko tayari hata kesho."

"Kesho hapana. Ngoja kwanza maharagi yakauke."

Hapo kila mtu alicheka, hata mzee mwenyewe kwa pembe ya mdomo, na ingeonekana mambo yamekwisha. Lakini mama Georgette alikuwa amesimama bado, kitenge mkononi, akimtazama binti yake.

"Munaongea ya bakubwa, munaongea ya kamati," alisema. "Na mutoto? Kuko mwenye alimuuliza?"

Kicheko kikakatika. Wanaume wote wawili waligeuka, na nyuso zao zilifanana kwa aibu mpaka Pascaline akataka kuwahurumia. Ni kweli. Kamati ilijua, Nakivale nzima ilijua, baba alikuwa amekwisha kutoa kiti. Yeye tu ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza, isipokuwa Lillian, na Lillian aliuliza kwa ajili ya vipimo.

Conrad alisimama. "Profesa. Pascaline. Mimi..."

"Ngoja," alisema Pascaline.

Alifikiria Kigali. Ukumbi umekwisha kukodiwa, jina lake limechapishwa, wakubwa wa vyuo watakuja kumsikiliza mtoto wa kambini. Akisema upande mmoja, atapanda jukwaani kama ilivyopangwa. Neno dogo tu, na nani angeweza kumpinga? Ndani ya moyo wa mtu hakuna kamera.

Kisha akaikumbuka siku ya kwanza. Conrad amefika maabara, amevua buti bila kuambiwa, soksi moja ina tundu kidoleni. Amepelekwa kwa mgonjwa wa kwanza, kikongwe wa Ruharo mwenye kidonda cha mguu, na kabla hajafungua rula amechuchumaa akamuuliza bibi jina lake na kama amekula. Pascaline alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Hakuwa na shaka juu ya siku ile wakati ule, na hakuwa nayo sasa. Huyu mwanaume alikuwa amesema kweli mbele ya watu ambao wangeweza kumcheka. Yeye angemrudishia uongo?

Na kuhusu bandeji, wasiwasi ulimjia, akautazama, ukamwondoka. Aliijua kazi yake uzi kwa uzi.

Akatoa simu, akaweka spika, akainyanyua katikati ya uwanja ili kila mtu asikie.

"Dokta Lillian? Ni Pascaline. Samahani kukusumbua Jumapili. Nina jibu."

"Ngoja nishike kalamu. Haya. Upande moja ama mbili?"

"Mbili."

Upande wa pili kalamu iligonga meza. Upande huu kofia ya Conrad ilianguka chini na hakuna aliyeiokota.

"Fikiri vizuri, Profesa," Lillian alisema, sauti imeshuka. "Siku ile unataja, tunatupa vipimo kutoka hapo. Tangu lini?"

Pascaline alimtazama Conrad usoni, hakupepesa.

"Tangu siku ya kwanza. Toeni vyote."

"Vyote? Na Kigali?"

"Kigali watanisikia mwakani. Picha zote zipo. Tafuta mtu wa kuzipima, na kama unaweza kumpata mtu anayenichukia, mpe yeye. Bandeji yangu itaponya vilevile."

"Kale, sawa," Lillian alisema, na alipoendelea sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. "Nimeandika. Hongera, nyabo, dada yangu."

Simu ikakatika. Mama Georgette alikuwa analia waziwazi kwenye kitenge. Mzee Grégoire alijifanya kuhesabu maharagwe. Conrad alikuwa amesimama palepale mbele ya kiti chake, mikono inaning'inia, macho yamejaa maji, gwanda na mistari yake yote.

"Umeambia kamati," alisema kwa sauti iliyokauka, "kabla ya kuniambia mimi."

"Ndiyo," Pascaline alimjibu, akairudisha simu mfukoni, akatabasamu. "Sasa tuko sawa. Ikala, Kapteni. Kiti ni yako."